Fulana nyeusi na magitaa mazito: metali ya gothiki ni kitu gani, na inapendewa nini?

Kijana akikatiza Ngamiani, hapa Tanga, saa saba mchana, jua la utosi, kavaa fulana nyeusi yenye fuvu na maandishi yasiyosomeka, barazani hakosi kupewa jina. Mmoja atasema kaingia Freemason. Mwingine, mwenye huruma kidogo, atasema mtoto wa watu ana msongo wa mawazo. Akiitwa na kuulizwa anasikiliza nini, atataja bendi ya Uingereza au Norway ambayo pale hakuna aliyewahi kuisikia. Akiweka kipande kwenye simu ndiyo kaharibu kabisa: dume linanguruma, magitaa yanakwaruza, halafu katikati anaibuka mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza. Wazee wanatazamana. Raha iko wapi hapo?

Swali la haki, na lina jibu. Muziki huo unaitwa metali ya gothiki. Giza lake ni kazi ya mikono. Limejengwa kwa vitu unavyoweza kuvionyesha kwa kidole kimoja kimoja, na raha yake ni ndugu wa raha ambayo watu wa pwani hii waliijua kabla gitaa la umeme halijawafikia. Lakini tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko imo humo.

Metali kwanza, gothiki baadaye

Metali ni tawi la roki. Wengi huliwekea chimbuko Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, siku ilipotoka albamu ya kwanza ya Black Sabbath, vijana wanne wa Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa bado kijana. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga, na baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimpe taabu. Uzi ukilegea, sauti hushuka. Kwa hiyo ule uzito ambao leo watu wanaunasibisha na mashetani, sehemu yake imetokana na ajali ya kazini.

Gothiki ina safari ndefu zaidi. Wagothi walikuwa makabila ya Kijerumani, na baadhi yao ndio walioipora Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye wasomi wa Italia walitaka kuyakejeli makanisa marefu yenye matao ya ncha, yaliyoanza kujengwa Ulaya karne ya 12. Wakayabandika jina hilo, yaani hiyo ni kazi ya washenzi. Kejeli ikazoeleka hadi ikawa jina la kawaida. Ukitaka kuuona mtindo wenyewe huna haja ya kupanda ndege: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, pale jirani na boti za Zanzibar, Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902 kwa mtindo huo.

Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya ya ngome ya kale, laana ya ukoo na vitisho vya usiku, na toleo la pili akaliita hadithi ya kigothiki. Kuanzia hapo jina likatoka kwenye mawe likaingia kwenye hisia: jumba kuukuu, dhambi ya babu inayomwandama mjukuu, mapenzi yanayolala jirani na kifo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, bendi za Uingereza kama Bauhaus, Siouxsie and the Banshees na The Sisters of Mercy ya Leeds zikaitia hisia hiyo kwenye roki. Nguo nyeusi, wanja, besi inayotangulia mbele ya gitaa, na mwimbaji anayeimba kana kwamba hajui kuna mtu anamsikiliza. Hiyo ni roki ya gothiki, na bado haikuwa nzito.

Uzito wa upande mmoja na huzuni ya upande wa pili vilikutana mwaka 1991. Vijana watano wa Halifax, mji usio mbali na Leeds, waliojiita Paradise Lost, walitoa albamu yao ya pili kupitia kampuni ndogo ya Peaceville. Waliiita Gothic, na jina hilo likawa la mtindo mzima. Wenzao wa kaskazini hiyohiyo ya Uingereza na kampuni hiyohiyo, My Dying Bride ya Bradford na Anathema ya Liverpool, walikuwa wakichimba mgodi uleule. Ndani ya miaka michache moto ulikuwa umeshika Tiamat huko Sweden, Moonspell Ureno, The Gathering Uholanzi, Theatre of Tragedy Norway, na Type O Negative huko Brooklyn, New York.

Giza linajengwaje

Naichukua albamu hiyo ya 1991 kama mfano, kwa sababu vifaa vyote vimo na bado havijapigwa rangi. Ni nyimbo kumi, na zote pamoja hazifiki saa nzima.

Kifaa cha kwanza ni sauti ya chini. Uzi mnene wa gitaa, ukituniwa kama kawaida, hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Bendi hizi huulegeza zaidi ya hapo, halafu besi inakaa chini yake. Sauti za namna hiyo husikika kwa masikio na kifua pia. Kwenye spika kubwa hata kiti ulichokalia kinashiriki. Anayejua ngoma kubwa zinavyoingia mwilini hahitaji kuelezwa zaidi.

Cha pili ni lile kwaruzo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Gitaa la kawaida likidonolewa, sauti inaruka juu kisha inakufa upesi. Ukiipitisha kwenye amplifaya kwa nguvu kuliko inavyohimili, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa. Tofauti kati ya mwanzo wenye nguvu na mwisho dhaifu inapungua, na noti moja inabaki hewani muda mrefu. Gitaa linaacha kuwa chombo cha kudonoa, linakuwa chombo cha kuvuta, linasogea upande wa fidla na kodiani. Watu wa taarab wanaelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa. Huwezi kumliza mtu kwa noti inayokufa kabla hajavuta pumzi. Sikiliza gitaa la solo la Gregor Mackintosh kwenye albamu hiyo: kazi yake hasa ni kuimba pale mwimbaji aliponyamaza, na linafanya hivyo karibu bila kukimbia.

Kukimbia ndiyo kitu ambacho muziki huu unakataa. Singeli, inayotawala vigodoro vyetu, mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Metali ya gothiki kwa kawaida iko chini ya mia, na sehemu nyingine hushuka hadi mwendo wa kusindikiza jeneza. Nasema jeneza la Kizungu, maana sisi huku jeneza tunalikimbiza. Mwendo wa polepole unampa msikilizaji muda wa kungoja kila pigo, na katika kungoja huko moyo unajazia mambo yake wenyewe.

Halafu mwangwi. Ingia Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, ufumbe macho na kusema neno moja. Bila kuona chochote utajua kwamba umezungukwa na mawe na kwamba dari iko mbali, kwa sababu sikio lako linapima muda ambao sauti inachukua kurudi. Mafundi wa studio wanaijua kazi hiyo ya sikio na wanaitumia. Wanaongeza mwangwi kwenye dramu na kwenye sauti ya mwanamke, na wewe uliyekaa chumbani kwako Chumbageni unajikuta uko ndani ya jengo kubwa la mawe ambalo halipo. Watu wanaposema albamu fulani ina "hewa" yake, au inakupeleka mahali, sehemu kubwa ya uchawi wenyewe ndiyo hiyo.

Mwisho ni sauti mbili. Nick Holmes, mwimbaji wa Paradise Lost, ananguruma. Kwa ufundi, waimbaji wa namna hii hutumia mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, na hujifunza miaka kuifanya bila kuumiza koo. Wakati yeye ananguruma, mwimbaji mgeni Sarah Marrion anaimba kwa sauti safi, nyembamba, kama anayetokea chumba cha pili. Kwa asiyezoea ni vurugu. Lakini mtu wa Tanga ana mfano tayari mkononi kila jioni: kahawa chungu na kashata. Kashata haikuletwa kuufuta uchungu wa kahawa, imeletwa ili uchungu unyweke. Toa kashata, wengi watakunja uso. Toa kahawa, ubaki na sahani ya kashata tupu, kipande cha nne kinakukinai.

Na kukinai kulikuja kweli. Theatre of Tragedy walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1995, wakifanya ule mngurumo na sauti ya Liv Kristine kuwa majibizano ya mume na mke, kilikuwa kitu kipya. Miaka kumi baadaye Ulaya ilikuwa imejaa bendi zenye dada wa gauni refu, kinanda kinachoiga kwaya, na mngurumo uliowekwa kwa desturi tu. Sukari ilizidi. Ukikutana na metali ya gothiki ya aina hiyo ukaiona ya kuigiza, sikio lako halijakosea.

Mbona kwenye simu ni kelele tu?

Kwa sababu kwenye simu ni kelele kweli. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti za chini. Nyimbo nyingi za bongo fleva zinavumilia hasara hiyo, kwa kuwa mwimbaji yuko katikati ya sauti na maneno yanasikika. Metali ya gothiki imeweka nyumba yake yote chini. Ukiicheza kwenye spika ya simu, besi inapotea, kifua cha gitaa kinapotea, mwangwi unamezwa na kelele za barabarani, na kinachobaki ni lile kwaruzo la juu na mtu anayenguruma bila sababu. Ni haki mzee kukunja uso. Kalisikia jengo lililobomolewa msingi.

Tena kipande cha sekunde thelathini hakitoshi. Muziki huu unasikilizwa kwa albamu, upande mmoja hadi mwingine, kwa vipokea sauti vya masikioni au spika yenye tumbo. Utamu wa kipande kitulivu unategemea dakika nne nzito zilizokitangulia.

Huzuni yenye raha

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, ambaye hajafiwa wala hajaachwa, akae kwa hiari ndani ya huzuni ya watu wengine?

Sisi ni watu wa mwisho kuuliza hivyo. Zaidi ya karne mbili zilizopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiusemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu. Majumba yaliyokuwa na taa sasa hayana mtu. Makinda ya popo yananing'inia juu. Madaka yaliyopangwa sahani za fahari yamekuwa vitanda vya vifaranga wa ndege. Shuleni tunafundishwa kwamba ni mawaidha, na ni kweli ni mawaidha: dunia inapita, moyo zinduka. Lakini kama angetaka kuonya tu, beti chache zingetosha. Sayyid Abdalla anakaa kwenye yale magofu. Anayapitia chumba kwa chumba, anasikiliza ukimya wake, anautengenezea vina. Anaujenga ukiwa hadi unakuwa mzuri, na msomaji anarudia beti zilezile miaka mia mbili baadaye.

Hapo ndipo penye ujamaa na yale magitaa. Ipo pia tofauti, na ni kubwa: Al-Inkishafi inautoa moyo kwenye gofu na kuuelekeza kwa Mola wake, bendi nyingi za gothiki zinauacha moyo palepale kwenye gofu. Anayesema kwamba muziki huo haumwelekezi msikilizaji popote ana hoja. Anayesema hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuona uzuri wa magofu hana.

Nenda Tongoni uone. Ni kilomita kama 17 kusini ya Tanga, msikiti wa kale uliobomoka na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yalikuwa na nguzo ndefu na sasa nguzo zimelala chini. Palipopachikwa vyombo vya kigeni kwenye makaburi ya pwani, mara nyingi sasa pamebaki mashimo matupu. Kaole, kule Bagamoyo, habari ni hiyohiyo. Watu hupeleka wageni huko, hupiga picha, hushusha sauti bila kuambiwa. Hakuna anayewashuku kwamba wamechanganyikiwa.

Na kuna ukumbi wa taarab. Tanga ndiyo iliyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab kwa namna iliyosikika Afrika Mashariki nzima, kupitia Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star. Shakila Saidi, aliyeimba na vikundi hivyo na kufariki 2016, alijulikana kwa sauti iliyoweza kubeba majeraha ya ukumbi mzima. Wimbo ukigusa mahali, mama anainuka, anakwenda polepole mbele na noti mkononi, anamtunza mwimbaji, pengine machozi yakimtoka, na anarudi kwenye kiti ameburudika. Kalia machozi, na kafurahi. Hajaona haja ya kuchagua moja. Mpenzi wa metali ya gothiki anatafuta kitu hichohicho, ila kwake anayemwimbia ni mgeni wa mbali, na kilio kinapitia kwenye uzito wa vyombo zaidi ya kwenye maneno.

Kuhusu maneno, niseme wazi: mashairi mengi ya muziki huu ni dhaifu. Waridi, damu, mbalamwezi, malaika aliyeanguka, kisha tena waridi. Mtunzi wa wastani wa taarab, aliyelelewa kwenye mafumbo, angewafundisha wengi wao kazi. Nguvu yao iko kwenye sauti.

Na shetani je?

Hofu hii haikutoka hewani. Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, mjini Bergen, Norway, lilichomwa moto, na mengine yakafuata. Baadhi ya wahusika walikuwa wanamuziki na wafuasi wa tawi jingine la metali, metali nyeusi, na mmoja wao alihukumiwa mwaka 1994 kifungo cha miaka 21 kwa mauaji na uchomaji wa makanisa. Yalitokea, na hakuna sababu ya kuyaficha. Ila kumhukumu kila anayepiga metali ya gothiki kwa uhalifu huo ni kumtoza faini dereva wa daladala kwa ajali ya lori.

Madai ya ujumbe wa siri nayo yalishafika mahakamani. Mwaka 1990, Nevada, Marekani, bendi ya Judas Priest ilishtakiwa kwamba wimbo wao ulificha maneno ya kuwashawishi vijana wajidhuru. Jaji alisikiliza, nyimbo zilichezwa mbele hadi kinyumenyume, na kesi haikusimama.

Angalia pia majina yenyewe. Paradise Lost walilichukua kutoka kwa utenzi wa John Milton wa 1667, unaohusu Adamu na Hawa kudanganywa na kutolewa bustanini, kisa ambacho kila mtoto wa madrasa na wa kipaimara anakijua. Peter Steele wa Type O Negative, jitu la karibu mita mbili lenye sauti ya chini kuliko besi, alilelewa Mkatoliki na miaka yake ya mwisho alisema amerudi kwenye dini hiyo. Kabla ya umaarufu alikuwa mwajiriwa wa idara ya bustani ya jiji la New York. Alama za misalaba, makaburi na malaika kwenye fulana zinatoka katika dini na riwaya za Ulaya. Wapo wanaozitumia kwa kejeli, wapo wanaozitumia kwa majonzi ya imani iliyopotea, wapo wanaozipenda kwa sura tu. Mzazi anayetaka kujua ni ipi asome maneno ya wimbo husika. Fuvu peke yake halimwambii kitu.

Freemason nao tuwaache. Ni chama cha watu wazima wanaopenda aproni na vikao, baraza lake kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, na wengi wao ukiwawekea mngurumo wa Nick Holmes wataomba uzime.

Unaleta ugonjwa wa akili?

Watafiti wamelichunguza suala hili kwa pande mbili. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwahoji watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa ule mchanganyiko wa kukumbuka na kutamani yaliyopita. Huzuni tupu haikuongoza. Wengi walisema unawaliwaza na kuwasaidia kutuliza moyo. Mwaka uliofuata, Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa metali kali, wakawakasirisha kwa makusudi kwa kuwakumbusha mambo yaliyowaudhi, kisha wakawaacha baadhi wasikilize nyimbo zao wenyewe. Hasira haikuongezeka, na wakaripoti kujisikia wenye ari zaidi. Watu 39 ni wachache, na walikuwa tayari wanaupenda muziki huo. Asiyeupenda huenda akazidi kukasirika, na atakuwa na haki.

Upande wa pili: mtu mwenye tabia ya kurudia-rudia mawazo mabaya, anayezama kwenye jambo moja usiku kucha, anaweza kuutumia muziki wa huzuni, uwe taarab, kaswida au metali, kujichimbia zaidi. Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi aiache fulana na atazame mambo mengine. Analala? Anakula? Bado anakwenda kwa rafiki zake, au kajifungia wiki nzima? Akizungumza kuhusu kufa, anazungumza kuhusu wimbo au kuhusu yeye mwenyewe? Hayo yakibadilika, atafute daktari au mshauri wa afya ya akili bila kungoja, na asiishie kwenye kuchoma CD.

Baridi ya kwao, masika yetu

Kuna kizuizi kimoja ambacho msikilizaji wa huku hukutana nacho, na hakizungumzwi. Muziki huu umejaa majira ya Ulaya na Marekani ya kaskazini: majani yanayokauka na kuanguka, theluji, jua linalozama alasiri. Kwao hizo ni dalili za kifo cha mwaka. Kwetu Oktoba ni kusi linapungua na vuli inanukia, hakuna kinachokufa. Ndiyo maana wengine husikiliza wakaona yote ni maigizo ya watu waliochoka na utajiri.

Dawa yake ni kuisikiliza kwa majira yetu. Masika, Aprili au Mei, saa kumi na moja jioni, bahari ya Raskazone imekuwa rangi ya risasi, umeme umekatika, mvua iko juu ya mabati tangu adhuhuri. Mtu akiweka albamu ya Gothic kwenye simu yenye chaji ya kutosha na vipokea sauti masikioni, majani ya Ulaya hayamhusu tena. Mimi huiweka wakati huo tu. Kiangazi, na vumbi lile na jua lile, hata mimi naona wamezidisha.

Wala si lazima tubaki wasikilizaji wa mambo ya Wazungu. Botswana ina bendi za metali zinazojulikana nje ya bara hili, kama Wrust, Overthrust na Skinflint, hao wa mwisho wakichota kwenye ngano za Kiafrika. Wakenya wawili wa Duma walitoa mwaka 2020 albamu kali sana kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hizo si gothiki, lakini zinaonyesha mlango haukufungwa. Pwani yenye magofu, popo, mashairi ya ukiwa na wapiga gitaa wa taarab haikosi malighafi.

Anayetaka kujaribu aanze na wimbo wa kwanza wa Gothic, ambao una mngurumo na sauti ya Sarah Marrion ndani ya dakika chache. Ukimshinda, ajaribu Mandylion ya The Gathering, ya 1995, yenye uzito wote lakini bila mngurumo: anaimba Anneke van Giersbergen, kwa sauti ya wazi kabisa. Halafu October Rust ya Type O Negative, ya 1996, ambayo kwangu ndiyo yenye hewa nzito kuliko zote, ingawa mapenzi yake ni ya wazi mno, si ya kuwekwa sebuleni mama mkwe akiwepo. Hiyo inaanza na sekunde kama 38 za mlio wa zzzz, kama waya wa redio umekaa vibaya. Wamefanya makusudi, na mara baada ya hapo utawasikia wenyewe wakijikaza wasicheke. Usihangaike kuchomoa waya.